Kivuli mbele ya fremu: nguzo, kanopi, turubai, roshani au baraza la ndani ya kiwanja?

Mwenye duka wa Mtwara ana maadui wawili, na wote wanamvizia mlangoni. Kuna jua la saa saba mchana, linalopausha vitenge na kulainisha pipi kwenye kopo. Halafu kuna mvua. Huku kusini hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Dar es Salaam. Tuna msimu mmoja mrefu, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kuishia Aprili, na mvua yake ikipata upepo inaingia mpaka kaunta. Ndiyo maana kila anayejenga fremu ya duka, awe Chikongola, Magomeni, Majengo au kule Mikindani, hufika mahali akauliza: mbele nitoke kiasi gani, na nitoke na nini?

Kutoka kunakosemwa hapa ni kutoka nje ya kiwanja, juu ya njia wanayopita watu wote. Wapo wanaosimamisha nguzo na kumwaga baraza. Wapo wanaofunga kanopi ya chuma ukutani, wanaotundika turubai la kukunja, na wanaotokeza ghorofa au roshani. Wachache hurudisha ukuta nyuma ili kivuli kikae ndani ya kiwanja chao wenyewe. Mimi huchora ramani za fremu na nyumba za kawaida, na msimamo wangu nautaja mapema ili usome ukijua naegemea wapi: kinachogusa ardhi nje ya bikoni zako, yale mawe ya mpaka wa kiwanja, ni mkopo usio na karatasi, na aliyekukopesha anaweza kuja kuudai siku yoyote. Kinachoning'inia hewani na kufunguka kwa spana, hicho kinazungumzika.

Mpaka kwanza

Mafundi wengi hupima mbele ya duka kwa kufuata ukuta wa jirani. Kamba inafungwa kwenye kona ya fremu ya kushoto, inavutwa mpaka ya kulia, msingi unachimbwa. Tatizo ni kwamba jirani naye alifuata wa kwake, na huyo wa kwake huenda alianza na kibanda cha mabati kabla eneo halijapimwa. Mstari mzima unakuwa umetoka mita nzima na hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona jiwe la mpaka.

Tafuta bikoni. Kwenye mchanga wetu huwa zimefukiwa, kwa hiyo unachukua ramani ya upimaji, unapima kutoka bikoni inayoonekana, kisha unadunga nondo taratibu mpaka igonge zege. Ukifukua, soma namba yake na uilinganishe na iliyo kwenye hati. Isipoonekana, mpima ardhi wa halmashauri au wa binafsi mwenye leseni airudishe mahali pake. Kazi hiyo ni nafuu mara nyingi kuliko kubomoa ukuta mmoja.

Ukishajua mpaka, ujue barabara iliyo mbele yako ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko kwa TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Barabara za mitaa na za wilaya ziko kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu wakala huo ulipoanzishwa mwaka 2017. Sheria ya Barabara ya 2007 pamoja na kanuni zake za 2009 ziliifanya hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande. Hizo mita 7.5 zilizoongezeka ndizo zilizozaa alama za X za rangi mbili tunazozijua: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, ambaye hana fidia, na kijani kwa aliyefuatwa na mpaka mpya akiwa kwake kihalali, ambaye hulipwa fidia eneo likitwaliwa. Mwenye fremu kando ya barabara ya kwenda Lindi au Masasi afanye hesabu hiyo kabla hajaota kanopi. Katikati ya mji uliopimwa, upana wa mtaa unasomwa kwenye mchoro wa mipangomiji.

Mtwara mjini ina mtego wake hapo. Mji huu ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga na bandari yake, na waliopanga walitegemea mji mkubwa kuliko uliotokea. Mitaa ikaachwa mipana. Mtu anaona mita nne tupu mbele ya duka lake na kudhani hazina mwenyewe.

Kwa hiyo milango ya kubisha ni miwili. Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri, iwe Manispaa ya Mtwara-Mikindani au Manispaa ya Lindi. Ruhusa ya kutumia hifadhi ya barabara inatoka kwa mwenye barabara, na inatakiwa iwe ya maandishi. Kibali kimoja hakifuti hitaji la kingine. Na ile barua ya mtendaji wa mtaa ambayo wengine huitundika dukani kwenye fremu ya kioo, hiyo si kibali cha ujenzi.

Nguzo na baraza la zege

Huu ndio mtindo unaopendwa kuliko yote. Fundi anasimamisha nguzo tatu au nne mita mbili mbele ya ukuta, anapitisha boriti, anapaua, anainua sakafu kwa ngazi mbili. Duka linaonekana kubwa, wateja wanapata pa kukaa, jioni bao linachezwa hapo hapo. Ukihoji, unaelekezwa kwenye mitaa ya zamani ya Lindi na Mikindani, kwenye mabaraza ya mawe yaliyobanwa na kuta: "Mbona yale yapo?" Yapo kwa sababu yalitangulia. Hayampi mtu wa leo haki ya kumwaga jipya.

Tabu ya nguzo inaanzia chini. Nguzo inataka msingi, na msingi unachimbwa kwenye ardhi ya umma, ambako bomba la maji, nyaya na mtaro vimeshapita au vitapita. Siku fundi wa mamlaka ya maji anapofuata mvujo wa bomba, hana sababu ya kulikwepa baraza lako.

Sakafu iliyoinuliwa nayo inakata njia. Duka la kwanza limepanda sentimita 30, la pili 45, la tatu lina ngazi na kimlima cha kupandishia pikipiki. Pita hapo na mzee mwenye mkongojo, au na mtu wa kiti cha magurudumu, uone wanavyoshuka barabarani kugombania nafasi na bajaji. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka maeneo ya umma yafikike na kila mtu, na wenye maduka wengi huivunja hapa bila hata kujua ipo.

Halafu mtaro. Baraza likipita juu ya mtaro kwa zege moja isiyo na mfuniko wa kuinulika, mchanga unajaa ndani taratibu na hakuna wa kuutoa. Mvua kubwa ya Februari ikija, maji yanatafuta njia, na njia iliyo karibu ni mlango wako au wa jirani aliye bondeni. Ugomvi wa namna hiyo ndio unaofika ofisi ya kata, na ukishafika huko mkaguzi anakuja na futi kamba kupima vyote, siyo mtaro tu.

Kuna mahali nguzo zinakubalika kisheria, tena kwa vipimo. Miji mingi ya Marekani imepitisha kanuni za ujenzi za pamoja, International Building Code, na sura yake ya 32 inahusu hasa vitu vinavyotokeza kwenye njia ya umma. Humo nguzo za kushikilia kanopi zinaruhusiwa, ila zisikaribie ukingo wa barabara kwa chini ya futi 2, kama sentimita 61. Ngazi za mlangoni zisitokeze zaidi ya inchi 12, sentimita 30, na ziwe na kizuizi pembeni ili mtu asijikwae. Hiyo ni sheria ya kwao na haikusaidii kitu mbele ya afisa wa Mtwara. Naitaja kwa sababu inaonyesha hata palipo na uhuru, uhuru wenyewe ni wa sentimita.

Ushauri wangu kwa nguzo nje ya bikoni ni mfupi: usijenge. Kama umeshanunua jengo lenye baraza la namna hiyo, fungua mtaro kwa mifuniko ya kuinulika, ondoa vikuta vya pembeni ili watu wapite chini ya paa lako, na sawazisha sakafu na ya jirani. Hutakuwa umehalalisha chochote, lakini utakuwa umewaondolea watu sababu ya kukushtaki.

Kanopi ya chuma ya kufunga ukutani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndicho chaguo la watu wengi wenye fremu zilizokwisha kujengwa, na ndicho mafundi wanachokiharibu zaidi. Kanopi ninayoizungumzia haina nguzo. Ina mikono ya chuma iliyofungwa ukutani kwa bolti, juu yake bati au polikaboneti, na chini yake ardhi inabaki tupu kama ilivyokuwa. Siku mwenye barabara akiitaka nafasi yake, inafunguliwa na kuwekwa stoo.

Swali la kwanza ni itoke kiasi gani. Zile kanuni za Marekani zinasema kanopi iliyo chini ya futi 15 kutoka chini, yaani mita 4.57, isifunike zaidi ya theluthi mbili ya upana wa njia ya miguu. Njia ya mita 2 inakupa mita 1.33. Mimi huanzia hapo ninapochora pendekezo, kwa sababu afisa akiona umemwachia mpita njia theluthi nzima ya anga, mazungumzo yanaanza vizuri. Na ukingo wa mbele wa kanopi urudi nyuma ya ukingo wa barabara kwa sentimita 60 au zaidi. Msimu wa korosho malori yanaegesha popote. Lori lililopandisha tairi za upande mmoja kwenye kingo linalala, na kona ya juu ya bodi inafika mahali ambapo hukutegemea. Kanopi nyingi zilizokunjika mji huu hazikupigwa na lori lililokuwa barabarani. Zilipigwa na lori lililokuwa linaegesha.

La pili ni kimo. Kwa vitambaa vya kivuli, kanuni hizo hizo zinataka futi 7, mita 2.13, kati ya njia na sehemu ya chini kabisa ya kitambaa. Kwa hapa kwetu nakataa. Futi 7 ni kipimo cha mtu asiyebeba kitu kichwani. Mama wa mita 1.65 mwenye beseni la samaki na ungo juu yake anavuka kimo cha mita 2.13 kwa urahisi, na anayebeba tenga la maembe anazidi hapo. Chora mita 2.7. Kama ukuta unaruhusu, fika 3. Kivuli cha mchana utakipoteza kidogo tu, na duka halitakuwa na giza.

Sasa maji. Kanopi ya fremu mbili, urefu mita 6 na kutokeza mita 1.5, ina eneo la mita za mraba 9. Mvua ya milimita 20, ambayo si ya ajabu hapa kwa saa moja, inaiangushia lita 180. Hizo ni ndoo tisa kubwa, na zisipopata mfereji zinamwagika kwa mstari mmoja, kwenye mabega ya anayepita, zikichimba handaki kwenye mchanga mbele ya mlango wako. Weka mfereji kwenye ukingo wa mbele, bomba lirudi ukutani na kushuka mpaka kwenye mtaro. Likiishia juu ya njia bado hujafanya kitu.

Kisha upepo, na hapa ndipo ninapogombana na mafundi. Fundi wa kuchomelea anawaza uzito unaoshuka: bati, chuma, labda kijana atakayepanda kupaka rangi. Kumbe kinachong'oa kanopi kinapanda. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unasukuma kwa nguvu ya kama kilo 48 kwenye kila mita ya mraba. Kwa kanopi yetu ya mita 9 za mraba hiyo ni zaidi ya kilo 400, zikiinua kutoka chini. Bolti fupi kwenye tofali haiwezi. Mkono wa kanopi ufungwe kwenye nguzo ya zege au kwenye lenta, ile boriti ya zege juu ya mlango, na pale ambapo hakuna zege, bolti ipenye ukuta mzima na kushikwa na sahani ya chuma upande wa ndani. Wanaosema huku hakuna vimbunga waulize wazee wa Lindi kuhusu kimbunga cha 1952. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, na Mei 2024 Hidaya ilipokuja mvua zake zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam.

Chumvi nayo inafanya kazi mwaka mzima. Ukiwa Shangani au kando ya ghuba ya Mikindani, chuma kinaanza kula kutu kwenye maungio, pale fundi aliposugua na kuchomelea kisha akasahau. Rangi ya kuzuia kutu ipakwe chini, kabla kanopi haijapandishwa, na maungio yapakwe mara mbili. Bolti ziwe za chuma kilichozamishwa kwenye zinki. Bolti nyeusi za kawaida zitalia machozi ya kutu ukutani kabla msimu wa pili haujaisha.

Na waya wa umeme. Fremu nyingi zinapokea waya kutoka nguzoni mbele ya ukuta, palepale kanopi inapotakiwa kukaa. Bati linalosuguana na waya kwa upepo wa kila siku litamaliza ganda lake, na kanopi nzima itakuwa na umeme. Nenda TANESCO uombe waya uhamishwe kabla hujaagiza chuma.

Kuhusu kibali, nimeona mchoro mmoja unamaliza maneno mengi: mkato wa upande, yaani jengo na njia vikichorwa kana kwamba vimekatwa na kutazamwa ubavuni, karatasi moja. Onyesha bikoni, ukuta, njia ya miguu, mtaro, ukingo wa barabara, mikono ya kanopi, bomba la maji, na kila kipimo kwa mita. Mwombaji anayeleta picha ya kanopi aliyoiona kwenye simu anarudishwa. Mwenye mkato huo anaulizwa maswali mawili matatu. Ukipewa kiasi cha kulipa, dai kontrol namba. Pesa ya mkononi haina kumbukumbu, na afisa akihamishwa ruhusa yako inahama naye.

Turubai la kukunja

Turubai ni rafiki wa mwenye mtaji mdogo. Linafunguliwa asubuhi, linakunjwa jioni, na likikunjwa hakuna kitu kilichotokeza. Operesheni ya kusafisha njia ikija, unalikunja ukiwa umekaa kwenye kiti.

Kasoro zake ni za kitabia zaidi kuliko za kifundi. Watu hawalikunji. Linaachwa wazi usiku, linajaa maji katikati, linavuta fremu yake ya chuma mpaka inapinda. Wengine wanalifunga kwa kamba kwenye jiwe au mti upande wa pili wa njia, kwa hiyo kila mpita njia anainama au anajikwaa. Mwingine anaifunga kamba kwenye nguzo ya umeme, jambo ambalo sijui nilisemeje kwa adabu. Nunua la mikono inayojikunja, linaloshikwa na ukuta pekee, pindo lake la mbele likiwa juu ya kichwa cha mwenye mzigo. Jua letu linamaliza kitambaa cha bei rahisi kwa misimu michache, kwa hiyo hesabu bei ya kitambaa cha pili na cha tatu unapolinganisha na bati.

Kama turubai umepewa bure na kampuni ya bidhaa na lina jina lake kubwa mbele, waulize kabla ya kulitundika nani atalipa ada ya bango. Jibu lisipokuwa kwenye karatasi, mlipaji ni wewe.

Roshani na ghorofa iliyotokeza

Anayejenga ghorofa hupenda kusema: chini nitafuata mpaka, juu nitatoka mita moja, kwani hewa ina mwenyewe? Ina mwenyewe. Hati yako inakupa kilicho ndani ya bikoni, chini na juu.

Hesabu ya Marekani inafaa kutazamwa hapa kwa sababu ina mantiki nzuri. Roshani isiwe chini ya futi 8, mita 2.44, kutoka njiani. Kuanzia hapo, kila inchi unayopanda inakuruhusu inchi moja ya kutokeza, mpaka kikomo cha futi 4, mita 1.22. Ukizidi futi 15 kwenda juu, kikomo kinaondoka. Sasa piga hesabu kwa fremu ya kawaida ya kwetu, ambayo chini ya roshani ina mita 3. Toa 2.44, unabaki na sentimita 56. Roshani ya sentimita 56 haikai kiti. Inakaa mtu aliyesimama na nguo zilizoanikwa. Ili upate mita 1.22 unatakiwa kuinua ghorofa ya chini mpaka mita 3.66, na gharama ya tofali na nondo za hapo katikati ingeweza kukupa chumba.

Hata pale ambapo ungeruhusiwa, basi, faida ni ndogo, na roshani ya zege haifunguki kwa spana. Ikikataliwa baada ya kumwagwa, unakata boriti.

Mikindani ni habari nyingine. Kule kuna nyumba za kale za mawe zenye roshani za mbao na milango ya kuchongwa, na Boma la Wajerumani la 1895 lililofufuliwa likawa hoteli linaonyesha jengo la zamani linaweza kulipa likitunzwa. Ukirithi nyumba ya namna hiyo yenye roshani inayotokeza njiani, usiibomoe ukaweka kanopi ya bati ili "uende na wakati". Uliza kwanza Idara ya Mambo ya Kale: sheria yake ya 1964 inalinda majengo ya kihistoria, na kibali cha halmashauri peke yake hakitoshi kwa jengo linaloguswa na sheria hiyo.

Kurudi ndani ya kiwanja

Hili ndilo ninalolipigania kwa anayeanza na kiwanja kitupu, na ndilo linalokataliwa haraka zaidi. Mteja anasikia "rudisha ukuta mita 1.8" na kuona unamnyang'anya.

Tuhesabu anachopoteza. Kiwanja cha upana wa mita 12 mbele, ukirudi mita 1.8, unatoa mita za mraba 21.6. Ukigawa fremu tatu, kila moja inapungua mita za mraba 7.2. Ni nyingi, sibishi. Lakini angalia anachopata. Nguzo zake sasa ziko ndani ya bikoni, kwa hiyo ni halali na hazihitaji ruhusa ya mwenye barabara. Baraza ni lake, anaweza kupanga bidhaa, kuweka benchi, kumkodisha fundi cherehani kona moja. Na akijenga ghorofa, ghorofa hiyo inapanda juu ya baraza mpaka mstari wa mpaka kadiri kibali chake kinavyoruhusu, kwa hiyo zile mita 21.6 zinarudi juu, na roshani akiitaka inakaa ndani ya eneo lake bila kuhesabiana inchi na mtu.

Singapore iliamua hivyo mji mzima. Mwaka 1822 Stamford Raffles, Mwingereza mwanzilishi wa mji ule, aliagiza kila nyumba ya matofali au vigae iwe na varanda ya kina fulani mbele, iliyo wazi wakati wote kama njia ya mfululizo iliyoezekwa kila upande wa mtaa. Ardhi ilibaki ya mwenye nyumba, kupita kukawa kwa wote. Leo mtu anatembea mitaa ya kale ya mji ule, mvua ikinyesha, bila kufungua mwavuli. Mtaa mmoja tu wa Mtwara ukifanya hivyo fremu kumi mfululizo, wapangaji wangeugombania.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni msingi. Nguzo ikikaa juu ya mstari wa bikoni na kitako chake cha zege kina upana wa mita 1.2, nusu yake, sentimita 60, imelala chini ya njia ya umma. Umerudi nyuma juu, ukavamia chini. Hata zile kanuni za Marekani zinaruhusu kitako kuvuka kwa sentimita 30 tu, tena kikiwa kina cha futi 8 au zaidi. Mwambie mhandisi asogeze nguzo ndani au atumie msingi wa pembeni unaoungwa na nguzo ya nyuma.

La pili ni wapangaji. Baada ya miaka michache mmoja atafunga sehemu yake ya baraza kwa grili na kuigeuza stoo, na mfululizo wote umekufa. Iandike kwenye mkataba wa pango tangu mwanzo: baraza halifungwi, halijengwi, halipandishwi sakafu.

Uchague lipi

Una kiwanja kitupu mjini na unamiliki: rudi ndani. Kama mita 1.8 zinakuuma, rudi 1.5, usishuke hapo, maana watu wawili hawatapishana.

Una fremu iliyosimama juu ya mpaka wa mbele na njia mbele yake ni ya TARURA: kanopi ya ukutani, kwa mkato na ruhusa ya maandishi. Uko kando ya barabara kuu na ukuta wako wenyewe umeingia ndani ya zile mita 30: usiongeze kitu cha kudumu hata kimoja. Turubai linatosha, na fedha ya kanopi weka akiba ya kuhamia.

Njia mbele yako ni nyembamba chini ya mita 1.5: turubai jembamba la juu, au rangi nyeupe na vioo vya kivuli dirishani, uache njia ilivyo.

Na kama wewe ni mpangaji, kabla hujatoa hata shilingi, kaa na mwenye nyumba mwandike nani ataomba kibali, jina la nani litakuwa kwenye ruhusa, na mkataba ukiisha kanopi ni ya nani. Kwa desturi yetu kilichofungwa ukutani kinahesabiwa ni cha mwenye ukuta. Bolti zikiwa zako na karatasi inasema hivyo, unakuja na spana, unaziba matundu, unaondoka nayo kwenye guta.